Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyesaidia kufungua njia ya chanjo ya HPV

Mzazi anayeombwa ruhusa ili binti yake achanjwe dhidi ya virusi vya HPV ana haki ya kuuliza chanjo hiyo ilitoka wapi. Awe Kisangani au Kampala, sehemu ya jibu haiko mbali naye. Inaanzia Hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1957, kwa daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 huko Enniskillen, mji ulioko leo Ireland Kaskazini. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe na kupoteza jicho moja. Alisomea udaktari katika Chuo cha Trinity, Dublin, lakini alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomfikisha Afrika Mashariki akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye akamkuta mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja, safari hii akiwa na uvimbe tumboni pia. Alipopekua kumbukumbu za wagonjwa aliona kuwa vivimbe hivyo ni saratani moja, na mwaka 1958 akachapisha matokeo yake. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Swali lililofuata lilikuwa mipaka ya ugonjwa huo. Burkitt alituma barua na picha kwa hospitali nyingi barani Afrika, na Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakaondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford. Kwa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine.

Ramani yao ilionyesha ukanda wa nchi zenye joto na mvua, kiasi cha nyuzi 10 kaskazini na kusini mwa ikweta. Kisangani, wakati huo ikiitwa Stanleyville, imo katikati ya ukanda huo. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ugonjwa ulikuwa nadra. Burkitt akashuku kwamba kuna maambukizi nyuma yake.

Mwaka huohuo wa 1961, mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akitoa mhadhara London. Sampuli za uvimbe zikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kipya, kinachoitwa sasa Epstein-Barr. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye ilibainika kwamba malaria nayo inachangia ugonjwa huo.

Miongoni mwa waliofuata njia hiyo ni Mjerumani Harald zur Hausen, aliyeanza kwa kuchunguza kirusi hicho katika limfoma ya Burkitt. Kisha akageukia saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 1983 na 1984 timu yake ilitangaza kupata aina mbili za HPV, ya 16 na ya 18, katika uvimbe wa wanawake. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2006, na zur Hausen akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Burkitt hakuiona chanjo hiyo. Aliondoka Uganda mwaka 1966, akapata umaarufu wa pili kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, na akafariki dunia Machi 23, 1993.

HPV huambukizwa kwa ngono, ikiwemo mgusano wa ngozi kwa ngozi, na watu wengi hupata maambukizi bila kujua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana wachanjwe wakiwa na miaka 9 hadi 14, kabla ya kuanza kujamiiana. Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, na mwanamke aliyechanjwa bado anahitaji kupimwa akifikia umri wa kufanyiwa uchunguzi.

Mwaka 2022 saratani hiyo iliua wanawake wapatao 350,000 duniani, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Rwanda ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2011, Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018 na Kenya 2019. Uvumi kwamba chanjo hiyo huwafanya wasichana wawe tasa umeifuata katika nchi nyingi, ingawa hakuna ushahidi wa kuuthibitisha.

Mzazi wa Tshopo anayeusikia uvumi huo anaweza kukumbuka kwamba elimu iliyozaa chanjo hii ilichotwa kwa sehemu kutoka kwa watoto wagonjwa wa Mulago na Jinja, katika ukanda uleule anakoishi yeye. Binti yake anastahili kunufaika nayo.