Mjane aliyeipa shampeni rangi ya waridi

MVINYO wa samawati uliozuka Uhispania katikati ya miaka ya 2010 ulishangaza wengi, lakini tamaa ya kuuza kinywaji kwa rangi yake ni kongwe mno. Aliyeifanya kuwa kazi ya ustadi ni mwanamke wa mji wa Reims, Ufaransa, Barbe-Nicole Ponsardin, anayejulikana zaidi kama Mjane Clicquot.

Alizaliwa Desemba 16, 1777, bintiye tajiri wa viwanda vya nguo. Mwaka wa 1798 aliolewa na François Clicquot, ambaye babake alikuwa na biashara ya mvinyo iliyoanzishwa mwaka wa 1772. Mume huyo alifariki Oktoba 1805, akamwachia binti mmoja, Clémentine, na biashara iliyokuwa ikiyumba.

Sheria za Napoleon zilimzuia mke kufanya biashara bila idhini ya mumewe. Mjane, kinyume chake, alisimamia mali yake mwenyewe. Barbe-Nicole, akiwa na umri wa miaka 27, aliutumia mwanya huo. Alimshawishi baba mkwe asifunge biashara, naye akakubali kwa sharti kwamba ashirikiane kwanza na mfanyabiashara mzoefu, Alexandre Fourneaux. Ushirika huo ulidumu miaka minne na haukuleta faida ya maana. Kuanzia mwaka wa 1810 alisimama peke yake.

Vita vilikuwa vimefunga bandari na shehena zake zilioza njiani. Mwaka wa 1814, kabla ya wapinzani wake kuzinduka, alikodi meli kwa siri na kupeleka chupa zaidi ya 10,000 upande wa Urusi. Lau zingenaswa, angefilisika. Zilifika salama, zikagombaniwa.

Ufanisi huo ulizaa tatizo jingine. Shampeni huchachuka ndani ya chupa, na chachu ikifa huacha mashapo yanayoutia mvinyo ukungu. Kufikia 1816, Mjane Clicquot alikuwa amebuni meza yenye matundu ambamo chupa huinamishwa shingo chini na kuzungushwa kidogo kidogo, hadi mashapo yote yakusanyike kwenye kizibo na kutolewa. Mbinu hii, iliyoboreshwa na msimamizi wa ghala lake, Antoine Müller, ilienea Champagne nzima.

Ndipo akaigeukia rangi. Shampeni ya waridi ilikuwa ikiuzwa tangu karne ya 18, ila wengi waliipaka rangi tu kwa maji ya vitunda vyeusi vya mwituni. Ulikuwa ujanja wa sokoni, na ladha ilidhihirisha hivyo. Mwaka wa 1818 yeye alichanganya mvinyo mweupe na mwekundu wa zabibu za kijiji cha Bouzy, rangi na ladha zikatoka chungu kimoja.

Alifariki Julai 29, 1866, katika kasri lake la Boursault, akiwa na umri wa miaka 88. Clémentine alikuwa ametangulia, na kampuni ikabaki mikononi mwa mshirika wake, Édouard Werle.

Mwaka wa 2009, Tume ya Ulaya ilipotaka kuruhusu mvinyo wa kawaida wa waridi utengenezwe kwa kuchanganya mweupe na mwekundu, wakulima wa Ufaransa walikuja juu hadi pendekezo likaondolewa. Shampeni haikuguswa, huko mbinu ya mjane ingali halali.