Mfalme wa Mvita na Pemba Aliyekata Tamaa

Mtu akifika Kisiwa cha Pemba wakati wa kiangazi huenda akabahatika kuuona mchezo wa ng'ombe. Fahali hutolewa uwanjani, ngoma na zumari hulia, na vijana hodari humchezea kwa kumwendea na kumkwepa, wala mwisho wa mchezo hauawi. Wengi husema mchezo huo ni masazo ya Wareno, ambao walitawala pwani yetu zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

Wareno waliacha huko jambo jingine zito kuliko mchezo, nalo ni habari ya mfalme mmoja aliyeitwa mfalme wa Mvita, Malindi na Pemba. Twaona yafaa kuisimulia leo katika nyumba za Wakristo, maana wengi wetu twapitia siku ngumu. Katika siku za namna hiyo mtu huweza kudhani kwamba njia zote zimezibwa isipokuwa moja tu, nayo ni mbaya.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusuf bin Hasan. Alizaliwa yapata mwaka 1607 katika ukoo wa watawala wa Malindi, ambao walikuwa marafiki wa Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga kwao mwaka 1498. Wareno walipoishinda Mvita na kuanza kujenga ngome yao kubwa mwaka 1593, waliuhamishia ukoo huo Mvita na kuutawalisha huko. Walimwahidi mfalme theluthi ya ushuru wa forodha, na Pemba ikahesabiwa katika milki yake. Siku hizo mikarafuu ilikuwa haijapandwa bado kisiwani. Utajiri wa Pemba ulikuwa mpunga na mifugo, na majahazi yaliyosukumwa na kusi yalipeleka chakula hicho Mvita. Pasipo Pemba, watu wa ngome wangalilala njaa.

Urafiki huo haukudumu. Makapteni wa ngome walikuwa watu wa kutafuta mali, na kila mmoja alijua ya kuwa muda wake wa kutawala ni mfupi. Wakagombana na mfalme Hasan, baba yake Yusuf, juu ya fedha na mamlaka. Mwaka 1614 Hasan alikimbilia bara, upande wa Rabai, akauawa huko na watu waliopewa rushwa na kapteni. Kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi.

Mtoto wake alikuwa na umri wa kama miaka saba. Naye akapelekwa Goa, mji ule ule kilikopelekwa kichwa cha babaye. Akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akafundishwa kusoma na kuandika, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, na Wareno wakamwita Dom Jerónimo Chingulia. Alipokuwa kijana alitumika katika merikebu zao za vita. Akaoa kule kule, akapewa heshima ya wakuu, na mwaka 1626 akarudishwa Mvita kuwa mfalme.

Hatuna haja ya kuwadharau watawa waliomlea. Huenda walimpenda kweli, na huenda naye aliipokea imani kwa moyo wake wote, kwa maana mwaka 1627 alimwandikia Baba Mtakatifu Urbano wa Nane barua ya kumwahidi utii. Lakini hapana budi tuseme kweli: mtoto huyu hakuulizwa. Hakuulizwa kama ataka kuondoka kwao, wala kama ataka kuacha dini ya wazee wake. Kanisa lilitangaza wazi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ya kuwa mtu hawezi kulazimishwa katika mambo ya imani. Sisi tusomao habari za Yusuf twaweza kuelewa kwa nini neno hilo lilihitaji kusemwa.

Aliporudi Mvita alijikuta kama mtu asimamaye katikati ya mto, asiyepokewa ng'ambo hii wala ng'ambo ile. Waislamu wa mji walimwona kuwa mgeni, aliyekula vyakula walivyovikataa na kuvaa nguo za Kireno. Wareno nao, waliomtia taji kichwani, hawakumpa heshima ya taji hiyo. Kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau na kumwonea. Mfalme alikuwa na jina la mfalme tu, na mamlaka yote yalikuwa ngomeni.

Inasimuliwa ya kuwa mfalme alianza kwenda kwa siri kwenye kaburi la babaye na kuomba huko kwa desturi ya Kiislamu. Mtu mmoja akamwona, akamchongea. Kapteni akakusudia kumkamata na kumpeleka Goa ahukumiwe. Yusuf akapata habari.

Na tusimame kidogo hapo, wazazi na vijana, maana ndipo penye somo letu. Hebu tumtazame mtu huyu: baba ameuawa kwa hila, utoto umechukuliwa, mali imepunguzwa, heshima imekanyagwa, na sasa uhuru wake wenyewe u hatarini. Nani atathubutu kusema kwamba hakuwa na kisa cha kukasirika? Kisa alikuwa nacho, tena cha haki. Kama angaliamka usiku akavuka kwenda bara, au kama angalisimama mbele ya watu akasema kwamba anairudia dini ya baba zake na liwalo na liwe, sisi leo tungalimwandika kwa namna nyingine, hata kama tungalisikitika kwa kuipoteza imani yake ya ubatizo.

Lakini hakuchagua hivyo. Katikati ya mwezi wa Agosti 1631, siku za Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, aliingia ngomeni pamoja na watu wake kana kwamba amekuja kwa heshima. Akamwua kapteni. Watu wake wakawaua walinzi, na nyumba za Wareno mjini zikachomwa moto. Waliosalia wakakimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, wanaume, wanawake na watoto, pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa.

Basi mfalme akawapelekea shauri: waiache imani yao wawe hai, au waishike wafe.

Wasomaji wetu, yapimeni maneno hayo. Yeye aliyebadilishiwa dini akiwa mtoto, bila kuulizwa, sasa alikuwa akiwataka watu wengine wabadili dini mbele ya upanga. Jeraha alilotiwa ndilo alilowatia wengine. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu aliyekata tamaa: hapati dawa ya kidonda chake, bali hukigawa.

Zaidi ya watu mia moja walikataa, wakauawa. Wareno walikuwamo, na watawa waliokuwa wachungaji wao, na Waafrika wengi wa mji na wa pwani. Kati ya hao Waafrika alikuwamo jamaa ya mfalme mwenyewe, aliyebatizwa kwa jina la António. Huyu angaliweza kujiokoa kwa neno moja, na kwa ukoo wake angalipewa cheo. Wengine walichukuliwa utumwani Arabuni. Miaka ya 1632 na 1633 mashahidi walihojiwa huko Goa, na habari za vifo hivyo zikaandikwa ili zipelekwe Roma. Hatutangulii hukumu ya Kanisa juu yao. Lakini twaweza kusema hili: katika mji ule wote, siku ile, watu waliokuwa huru kweli ni wale waliokuwa wamefungiwa. Hawakuwa na ngome wala mzinga, na hakuna jahazi lililokuwa likiwangoja. Walikuwa na tumaini kwa Mungu, nalo likawatosha kuchagua.

Je, mfalme alipata nini? Kwa muda alishinda. Mapema mwaka 1632 merikebu za vita zilikuja kutoka Goa, zikaizingira ngome, zikashindwa, zikaondoka. Lakini alijua zitarudi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akapakia mizinga, akatweka tanga. Akaiacha Mvita na watu waliomfuata. Tangu hapo akawa haramia, leo Arabuni, kesho Bukini na Visiwa vya Ngazija. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini Yusuf bin Hasan hakuwa na marejeo. Hakurudi tena katika kiti chake. Yapata mwaka 1638 aliuawa katika Bahari ya Sham, karibu na Jeddah, umri wake ukiwa kama miaka 30 tu.

Na Pemba je? Hapo ndipo habari hii inapotuuma. Wapemba walikuwa wameungana na mfalme wao katika uasi. Nao walikuwa na kisa, maana mpunga wao ulilisha wengine na ushuru wao ulitajirisha wengine. Mfalme alipokwisha kuondoka na merikebu zake, wao hawakuwa na pa kwenda, kwa kuwa kisiwa hakitweki tanga. Mwaka 1635 kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27, aliwekwa kuitawala ngome. Akaiadhibu pwani mji kwa mji. Alipofika Pemba akawaua watawala walioasi na wakuu wa kisiwa. Halafu akajisifia mambo hayo katika maandishi ya mwaka 1639, yaliyochongwa jiweni juu ya lango la ngome ya Mvita. Jiwe hilo lipo hata leo, na kila azuruye makumbusho yale aweza kuliona. Limetaja cheo cha kapteni, umri wake na zawadi alizopewa na mfalme wa Ureno. Majina ya wazee wa Pemba waliouawa halikuyataja.

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Deni la mtu aliyekata tamaa mara nyingi hulipwa na mtu mwingine, aliye dhaifu kuliko yeye, ambaye hakuwapo shauri lilipokatwa. Kapteni mwenye tamaa ya mali alimharibu mfalme, mfalme akawaponza Wapemba, na kapteni mwingine akawaua Wapemba akidhani anatengeneza mambo. Katika mlolongo huo wote hakukosekana mtu mwenye kisa cha kujitetea. Aliyekosekana ni mtu wa kusema: ubaya huu umenifikia mimi, nami sitaupeleka mbele.

Leo hatutawali ngome, lakini kila nyumba ina Agosti yake. Baba ameachishwa kazi bila haki, akarudi nyumbani na hasira zake, na mkewe na watoto ndio wakaipokea. Mjane amenyang'anywa shamba na shemeji zake, akashauriwa kwenda kwa mganga kuwalipiza. Kijana amekosa ada, ameona wenzake wakipata kwa njia za giza, akasema hakuna njia nyingine. Hao wote wana kisa cha haki, nasi hatutawaambia wanyamaze. Haki na idaiwe, mbele ya wazee, mbele ya baraza, mbele ya mahakama. Lakini kudai haki ni jambo moja, na kukata tamaa ni jambo jingine. Anayedai haki anaamini bado kuna kesho. Aliyekata tamaa anataka leo tu, hata ikibidi kuichoma nyumba.

Tukumbuke pia mitume wawili walioanguka usiku mmoja. Yuda alimsaliti Bwana wake, Petro alimkana mara tatu. Makosa yao yote yalikuwa mazito. Petro alilia akangoja, Yuda hakungoja. Tofauti yao ilikuwa tumaini. Hata Yusuf bin Hasan, ambaye moyo wake Mungu peke yake anaujua, hatuwezi kusema mlango ulifungwa kwake. Twamwombea, kama tuwaombeavyo wale aliowaua na wazee wa Pemba waliouawa kwa ajili yake.

Mwezi wa Desemba 1860, miaka 229 baada ya siku ile ya Mvita, mapadre Wakatoliki walifika Unguja wakaanza kazi kwa hospitali, shule na karakana. Tangu mwaka 1980 Unguja na Pemba ni Jimbo la Zanzibar. Wakristo wa Pemba ni wachache, nao wanaishi kati ya majirani zao Waislamu, wakisalimiana nao, wakizikana nao, wakinunua na kuuza nao. Hawana kapteni wala mzinga wa kuwalinda, wala hawauhitaji. Ujirani huo mwema wa kila siku ni chaguo, na wote wawili, Mwislamu na Mkristo, hulifanya upya kila asubuhi.

Basi, wasomaji wetu, siku itakapofika na moyo ukaanza kusema hakuna njia, tufanye mambo matatu kabla ya kuinua mkono. Kwanza tupige magoti. Pili tumwendee mtu mmoja mwenye busara tumweleze yote, maana Yusuf alikwenda kaburini peke yake. Tatu tujiulize ni nani atakayelipa tukisha kuondoka. Tukipata jibu la swali hilo, huenda tukaona njia ambayo hasira ilikuwa imetuficha.

Mungu awajalie wote walio katika shida moyo wa kungoja na nguvu ya kuchagua mema.