Idi Amin: mtu aliyetaka mto Kagera uwe mpaka wake

Ndugu msikilizaji, vijana wengi wa Karagwe na Kyerwa wanamfahamu Idi Amin kupitia video fupi za kwenye simu. Humo anaonekana mtu mnene mwenye medali tele kifuani, anacheka, anajipa vyeo, anafanya vituko. Wazee wetu hawamwiti hivyo. Wao wanamwita nduli, yaani katili na muuaji asiye na huruma. Wakati wa vita ya 1978 na 1979 neno hilo lilitangulia jina lake redioni, magazetini na mikutanoni, na mpaka leo wapo wasioweza kulitaja jina lake bila kulianza nalo.

Katika makala hii tunaeleza Amin alikuwa nani, kwa nini alivamia ardhi yetu, na watu wa pande zote walilipokeaje jambo hilo.

Askari wa Mwingereza

Idi Amin alizaliwa takribani mwaka 1925. Baba yake alikuwa Mkakwa, kabila la kaskazini magharibi mwa Uganda, karibu na Sudan na Kongo. Shule aliipata kidogo tu. Mwaka 1946 aliingia katika jeshi la wakoloni wa Kiingereza, King's African Rifles, akianzia jikoni. Alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi, na kuanzia 1951 hadi 1960 alikuwa bingwa wa ngumi nchini Uganda. Alipelekwa Kenya kupambana na Mau Mau.

Wakati uhuru unakaribia, Waingereza walihitaji maofisa Waafrika kwa haraka. Mwaka 1961 Amin akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha luteni. Mwaka uliofuata askari aliowaongoza walituhumiwa kuwaua wafugaji wa Turkana, lakini hakushtakiwa. Uganda ilipata uhuru Oktoba 1962 ikiwa na ofisa wa namna hiyo jeshini.

Rais Milton Obote alimtegemea. Mwaka 1966 alimtuma kushambulia kasri la Kabaka wa Buganda, na Kabaka akakimbilia uhamishoni. Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alimpindua. Watu wengi Kampala walishangilia barabarani, kwa sababu walikuwa wamemchoka Obote. Furaha hiyo haikudumu.

Ugomvi na Tanzania

Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua Amin na akampokea Obote Dar es Salaam. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, na moja ya mambo yaliyosisitizwa humo ni wananchi kufundishwa kulinda nchi yao. Hapo ndipo mgambo wa vijijini walipopata nguvu. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Septemba 1972 wapiganaji wa Obote waliingia Uganda wakitokea kwetu, kundi moja kuelekea Masaka, jingine Mbarara. Walishindwa vibaya, na Amin akajibu kwa kuishambulia Bukoba na Mwanza kwa ndege. Oktoba mwaka huo pande mbili zilitia saini mapatano Mogadishu, lakini hakuna aliyemwamini mwenzake.

Ndani ya Uganda hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka huohuo wa 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Maduka na viwanda vyao waligawiwa askari na rafiki zake, na baada ya muda bidhaa za kawaida kama sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Watu walichukuliwa majumbani na hawakurudi. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana. Makadirio mengi ya waliouawa katika utawala wake ni kati ya watu 100,000 na 500,000.

Mpaka wenyewe ukoje?

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana kwa wakazi wa Kyerwa jambo hili linaweza kuchanganya. Ukiwa Murongo, mto Kagera ndio mpaka. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Lakini ukifuata mto kuelekea mashariki, mpaka unauacha mto na kwenda kwa mstari ulionyooka hadi Ziwa Viktoria. Mstari huo ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwa kufuata nyuzi moja kusini mwa ikweta. Mto wenyewe unashuka kusini hadi Kyaka, kisha unapanda tena kuelekea ziwani. Kwa hiyo ipo ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto, ambayo leo iko wilaya ya Missenyi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 1,800.

Ardhi hiyo ndiyo Amin aliyoitamani. Alidai mto ndio mpaka wa asili. Lakini mwaka 1978 alikuwa na sababu nyingine pia: jeshi lake lilikuwa limegawanyika, baadhi ya askari walikuwa wameasi, na vita ya nje ingeweza kuficha matatizo ya ndani.

Oktoba 1978

Mwezi Oktoba ndege zake zilidondosha mabomu Bukoba. Mwisho wa mwezi, maelfu ya askari wake walivuka mpaka. Tulikuwa na walinzi wachache sana eneo hilo. Novemba 1, Redio Uganda ilitangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto sasa ni ya Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa kwa baruti.

Waliobaki ng'ambo ya mto walikuwa wakulima na wafugaji. Watu wapatao 1,500 waliuawa. Wanawake walibakwa, nyumba zilichomwa, maelfu ya ng'ombe yakaswagwa kwenda Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaharibiwa. Waliokimbia walivuka mto na kuingia vijiji vya kusini wakiwa na walichoweza kubeba.

Wakati huo Amin alikuwa anafanya mzaha. Alipendekeza yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa ngumi ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Wanaocheka leo wakiona vituko vyake wakumbuke kwamba utani huo ulitolewa wakati watu wa Missenyi wanawatafuta ndugu zao.

Watu walilipokeaje?

Novemba 2 Mwalimu alihutubia taifa. Alieleza kwamba Tanzania itampiga mvamizi, na kwamba haikosi sababu, uwezo wala nia ya kufanya hivyo. Walio na redio waliwasimulia wasio nayo. Serikali ilichukua malori na mabasi ya watu binafsi kubebea askari. Wakulima walitoa ng'ombe, mbuzi na chakula. Na wale mgambo waliofundishwa tangu 1971 waliitwa kwa maelfu. Jeshi lililokuwa na askari chini ya 50,000 lilivuka 100,000.

Kwetu huku mpakani hasira ilikuwa na ugumu wake. Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana, na wapo waliooa au kuolewa ng'ambo. Ungemchukiaje Mganda wakati Mganda huyo ni shemeji yako? Tunadhani hapo ndipo neno nduli lilipofanya kazi. Lilielekeza hasira kwa mtu mmoja na utawala wake. Mwalimu naye alisisitiza kwamba ugomvi wetu si na wananchi wa Uganda.

Barani Afrika majibu yalikuwa tofauti. Nchi kama Msumbiji, Zambia na Ethiopia zilimlaani Amin, na Msumbiji ikatuma askari. Lakini Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao Amin aliwahi kuwa mwenyekiti wake mwaka 1975, ulitaka tu pande zote mbili ziache kupigana. Haukumlaani mvamizi. Libya ilituma askari kumsaidia Amin. Na baadaye, katika mkutano wa Monrovia Julai 1979, viongozi wa Sudan na Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuingia nchi ya watu.

JWTZ ilirudisha ardhi yetu, kisha Januari 1979 ikavuka Mutukula chini ya makamanda kama David Musuguri. Februari iliteka Masaka na Mbarara. Miji hiyo ilibomolewa sana, na sehemu ya ubomoaji ilifanywa kwa kulipiza yaliyotokea Kagera. Waliolipa ni wenye nyumba na maduka, ambao wengi wao walikuwa wahanga wa Amin tangu zamani. Hasira iliyokuwa na jina la mtu mmoja iliwaangukia wengine, na hilo nalo ni sehemu ya historia yetu.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Watu walimiminika barabarani kuwashangilia Watanzania, wakawaita wakombozi. Ni mji uleule uliomshangilia Amin mwaka 1971.

Mwisho wake

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi Jeddah kwa kutunzwa na serikali ya huko. Mwaka 1989 alijaribu kurudi kupitia Zaire, akakamatwa Kinshasa na kurudishwa. Alifia Jeddah Agosti 16, 2003, akazikwa hukohuko. Hakuwahi kusimama mbele ya hakimu hata siku moja.

Gharama ilibaki kwetu. Baada ya vita Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkaja kwa miezi 18, lakini dhiki iliendelea miaka mingi: foleni za sukari, sabuni na mafuta ya taa ambazo wazazi wetu wanazikumbuka. Uganda nayo haikutulia mpaka baada ya vita nyingine. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la mto ambao Amin aliutaka. Askari wetu wengi wamelala Kaboya, wilayani Muleba, ambako makaburi yao yanatunzwa mpaka leo.

Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwako yupo mzee aliyeiona vita hiyo, muulize sasa. Muulize pia majina ya waliokufa, maana jina la Amin linajulikana dunia nzima, lakini ya wakulima wale yamebaki kwa wazee wachache tu.