Mary Leakey na umri wa nyayo za Laetoli

Mwanaakiolojia Mary Leakey alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, binti wa mchoraji. Hakupata shahada kwa kusoma chuoni. Kipaji chake cha kuchora zana za mawe ndicho kilichomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kenya, aliyefunga naye ndoa mwaka 1936.

Mwaka 1959, katika bonde la Olduvai, Tanganyika, alivumbua fuvu la zamadamu lililoitwa Zinjanthropus. Louis alilikadiria miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961, waliopima majivu ya volkano walitangaza miaka 1,750,000, na dunia ya wataalamu ikashtuka. Kipimo hicho huhesabu gesi ya agoni inayotokana na potasiamu iliyomo katika madini ya majivu: kadiri gesi inavyozidi, ndivyo majivu yalivyo ya kale.

Louis alifariki mwaka 1972. Mary akaendelea na kazi Laetoli, kusini mwa Olduvai. Huko, mwaka 1978 na 1979, kikosi chake kilifukua nyayo zipatazo 70 za waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi. Vipimo vilionyesha umri wa kati ya miaka milioni 3.6 na 3.8, siku hizi hutajwa milioni 3.66.

Mabishano yakapamba moto, kwani nyayo za kale kiasi hicho zilifanana mno na za binadamu wa leo. Ikiwa umri ni sahihi, basi zamadamu walisimama wima muda mrefu kabla ubongo wao haujakua.

Lakini ni zamadamu gani? Mwaka 1978 Mmarekani Donald Johanson aliunganisha mifupa ya Laetoli na ya Ethiopia katika spishi moja, Australopithecus afarensis. Mary, aliyeiona ya Laetoli kuwa ya ukoo wa Homo, alikataa jina lake lisiwemo katika makala hiyo.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Kuhusu spishi, wataalamu wengi wameelekea kwa Johanson. Kuhusu umri, majivu hayajapingika. Na mwaka 2021, nyayo nyingine za Laetoli, ambazo Mary alizihesabu za zamadamu huku wengine wakidhani ni za dubu, zilichunguzwa upya zikaonekana ni za zamadamu, pengine wa spishi tofauti. Tabaka la majivu ni lile lile.