Hammarskjöld: Msuluhishi aliyeangukia msitu wa Ndola

Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina ilipita juu ya uwanja wa ndege wa Ndola, katika iliyokuwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Rubani aliarifu kuwa anaziona taa za uwanja, kisha akazunguka ili atue. Muda mfupi baadaye ndege hiyo ilikata miti na kuanguka msituni, takriban kilomita 15 kutoka uwanjani, ikiwa na watu 16.

Miongoni mwao alikuwa Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa (UM), Dag Hammarskjöld.

Hammarskjöld alizaliwa Julai 29, 1905 mjini Jönköping, Sweden. Baba yake, Hjalmar, aliwahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo. Alisomea uchumi, akaiongoza bodi ya Benki Kuu ya Sweden, na mwaka 1953 akakabidhiwa uongozi wa UM.

Waliomdhania kuwa karani mtiifu wa mataifa makubwa walikosea. Wakati wa mgogoro wa Suez mwaka 1956, alisimamia kuundwa kwa kikosi cha kwanza cha kulinda amani cha UM. Mwaka 1960, Umoja wa Kisovieti ulipomtaka ajiuzulu kutokana na mgogoro wa Congo, alikataa.

Congo ndiko safari yake ya mwisho ilikoanzia. Jimbo la Katanga, lenye utajiri wa shaba, lilikuwa limejitangazia uhuru chini ya Moise Tshombe, na mapigano kati ya askari wake na wale wa UM yalikuwa yamepamba moto. Hammarskjöld aliondoka Leopoldville, sasa Kinshasa, kwenda Ndola kukutana na Tshombe ili silaha ziwekwe chini.

Mabaki ya ndege yalitangazwa kupatikana alasiri ya siku iliyofuata, saa 15 hivi baada ya ajali. Abiria mmoja alikutwa hai, lakini naye alifariki dunia baada ya siku chache. Mwaka huohuo Hammarskjöld alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa marehemu.

Tume ya Rhodesia ilihitimisha kuwa rubani alishuka chini mno. Mashahidi Waafrika, wakiwamo wachoma mkaa, walisimulia kuona ndege ya pili angani, lakini tume hiyo haikuupa uzito ushahidi wao. Uchunguzi wa UM wa mwaka 1962 haukuthibitisha chanzo.

Tangu mwaka 2015 faili hilo limo mikononi mwa Mtanzania, Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ya mwaka 2017 iliona kuwa yawezekana shambulio au tishio kutoka nje ndilo lililoiangusha ndege, na kwamba ni juu ya mataifa yenye nyaraka za siri kuthibitisha kuwa yamezipekua kikamilifu. Ushahidi wa wachoma mkaa, uliopuuzwa enzi za ukoloni, sasa ni sehemu ya kumbukumbu za UM.