Carothers: Daktari aliyetafuta kiini cha Mau Mau akilini badala ya ardhini

WAKOLONI walipowahamisha watu kwa nguvu hadi vijiji vyenye ulinzi mnamo 1954, wilaya ya Embu, iliko Kianjokoma chini ya msitu wa Mlima Kenya, haikusazwa.

Sera hiyo, iliyowakumba zaidi ya watu milioni moja katika Mkoa wa Kati, iliungwa mkono na daktari mmoja wa akili: John Colin Carothers.

Alizaliwa Afrika Kusini mnamo 1903, akajiunga na idara ya matibabu ya Kenya mnamo 1929. Mnamo 1938 alikabidhiwa hospitali ya Mathari, Nairobi, ingawa hakuwa amesomea maradhi ya akili. Mafunzo hayo aliyapata Uingereza baadaye.

Alirithi wadhifa na pia fikra. Miaka ya thelathini, Dkt H. L. Gordon wa Mathari alidai kwamba Mwafrika alizaliwa na upungufu wa akili. Naye F. W. Vint, mtaalamu wa maabara ya serikali, alipima bongo 100 za Waafrika waliofariki, akashikilia kwamba zilikuwa duni zikilinganishwa na za Wazungu.

Carothers hakuegemea urithi pekee. Alitaja pia malezi, maradhi na utamaduni. Hata hivyo, mnamo 1951 alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Miaka miwili baadaye, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika.

Msingi wake ulikuwa na ufa. Wengi wa aliowachunguza walikuwa wagonjwa wa Mathari, lakini hitimisho lake lilibebeshwa bara zima.

Mnamo 1954 serikali ilichapisha kijitabu chake kuhusu Mau Mau. Alieleza vita hivyo kama msukosuko wa nafsi za watu walioachana na mila zao, na akapendekeza wakusanywe vijijini. Kilio cha ardhi kikageuzwa ugonjwa wa kutibiwa, si dhuluma ya kurekebishwa.

Frantz Fanon, daktari wa akili aliyeshuhudia vita vya Algeria, alimpinga waziwazi katika kitabu chake cha 1961. Miaka miwili baadaye Kenya ikajinyakulia uhuru. Carothers aliaga dunia mnamo 1989.

Sayansi haijakana kwamba jeni huchangia tabia. Uchunguzi wa mapacha umethibitisha hilo. Lakini jeni zinazohusika ni nyingi mno, kila moja ina mchango mdogo, nazo hufanya kazi pamoja na malezi na mazingira. Isitoshe, takriban asilimia 85 ya tofauti za jeni za binadamu hupatikana ndani ya jamii moja, si baina ya jamii na jamii.

Hivyo, jeni zaweza kusaidia kueleza kwa nini ndugu wawili wa boma moja hutofautiana kitabia. Haziwezi kueleza kwa nini taifa zima lilidai mashamba yake.