Mary Anderson, Bibi Aliyebuni Waipa

Mvua kubwa inyeshapo barabarani, dereva huiwasha waipa bila hata ya kufikiri. Ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba chombo hicho kilibuniwa na mwanamke ambaye hakuwa fundi wala mhandisi, na ambaye hakufaidika nacho hata senti moja.

Bibi Mary Anderson alizaliwa mwaka 1866 katika Wilaya ya Greene, jimbo la Alabama, nchini Marekani. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo. Mwaka 1889 alihamia mjini Birmingham pamoja na mama yake na dada yake, wakajenga nyumba ya kupangisha. Mwaka 1893 alikwenda Fresno, California, akaendesha shamba la ng'ombe na mizabibu, kisha akarejea Birmingham kabla ya karne kwisha.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1902 kuingia 1903, Bibi Anderson alizuru jiji la New York. Siku hiyo alipanda tramu, na theluji iliyochanganyika na mvua ilikuwa ikianguka. Kioo cha mbele kilizibwa, hata dereva akalazimika kukifungua apate kuona njia. Baridi kali ikawapiga yeye na abiria wake. Wengine waliyachukulia mateso hayo kuwa mambo ya kawaida. Bibi Anderson aliyaona kuwa tatizo lenye dawa.

Aliporudi nyumbani alichora mchoro wake, na fundi akamtengenezea mfano. Ndani ya gari uliwekwa wenzo karibu na mkono wa dereva. Wenzo huo ulizungusha mhimili uliopenya hadi nje, nao ukapeleka huku na huko mkono wenye ukingo wa mpira juu ya kioo. Springi na uzito maalumu viliuwezesha mpira kukigandamiza kioo sawasawa. Zaidi ya hayo, chombo chote kiliweza kufunguliwa na kuwekwa kando wakati wa kiangazi. Tarehe 10 Novemba, 1903, alipewa hataza namba 743,801, yenye muda wa miaka 17.

Ndipo dhiki ilipoanza. Mwaka 1905 alijaribu kuuza haki yake kwa kampuni moja ya Kanada, akajibiwa kuwa chombo hicho hakina thamani ya kutosha kibiashara. Magari yalikuwa machache mno wakati ule. Hataza ikaisha mwaka 1920, na tangu hapo kila kiwanda kilikuwa huru kutumia wazo hilo bila ya kumlipa. Mwaka 1922 kampuni ya Cadillac ikaanza kuyapatia magari yake yote waipa.

Wengine waliiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1967, Robert Kearns, naye Mmarekani, alipata hataza ya waipa inayosita kati ya pigo na pigo, ambayo dereva huirekebisha kulingana na wingi wa mvua.

Bibi Anderson alifariki tarehe 27 Juni, 1953, huko Monteagle, Tennessee, akiwa na umri wa miaka 87. Jina lake liliingizwa katika Jumba la Taifa la Wavumbuzi wa Marekani mwaka 2011, miaka 58 baada ya kifo chake. Heshima ilichelewa, lakini kazi yake haikuchelewa: kila mvua inyeshapo, madereva wa dunia nzima hufika salama kwa msaada wake.